Si Sabuni, Ni Maji

Waswahili twasema, "Mwenzio akinyolewa, zako tia maji." Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nimeitumia katika mashairi na katika mazungumzo ya barazani, na kila mara nikiichukua kuwa ni onyo tu: likimfika mwenzako, nawe jiandae. Haikunipitikia hata siku moja kwamba ndani yake mna maana nyingine, iliyo wazi kama mchana, nayo ni maana ya kinyozi. Methali haisemi zako tia sabuni. Yasema tia maji. Jambo hilo nimelifahamu nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, tena si Mombasa nilikozaliwa bali Turbo, magharibi ya Eldoret, na baada ya kumtoa damu kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa aliondoka kwetu akiwa kijana, akaja bara kwa kazi ya reli. Reli hiyo, iliyofika Eldoret mwaka 1924 na kuendelea hadi Kampala mwaka 1931, imewachukua watu wengi wa Pwani ambao hawakurudi tena isipokuwa kwa harusi na matanga. Yeye alioa huku, akajenga nyumba ya mabati si mbali na barabara kuu iendayo Webuye na Malaba, akazeeka akisikiliza malori usiku badala ya mawimbi. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na ule wa kushoto haujui kazi. Daktari alimwandikia dawa ya kuzuia damu isigande, akamwonya ajihadhari na majeraha, kwani kwa mwenye kutumia dawa hiyo hata mkwaruzo mdogo hukawia kukauka.

Kaka yangu ni mtu wa unadhifu. Tangu ujana wake, kila Ijumaa asubuhi hunyoa mashavu na shingo, akapunguza sharubu na kuacha mzuzu kidevuni, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yetu. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta ndevu zimemwota ovyo, naye amejifungia ndani. Msikitini haendi, barazani hakai. Shemeji alikuwa amemwita kijana mwenye mashine ya umeme, lakini mashine ilimwachia vipele shingoni.

"Kaka," nikamwambia, "nitakunyoa mimi."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kinyozi hajinyoi, basi ninyoe wewe. Lakini usinichinje, mdogo wangu."

Nilichukua sabuni ya kuogea, nikaisugua mikononi kwa maji baridi ya asubuhi, na Turbo asubuhi ni baridi kwelikweli. Mapovu yakatoka kwa wingi, makubwa kama ya dobi, nami nikafurahi. Nikampaka. Lakini nilipomaliza shavu la kulia, la kushoto lilikuwa limekwisha kukauka, limebaki utando tu. Wembe ukawa unakwama na kuruka. Pale chini ya taya ukamkata. Damu ikatoka, ikatoka, na shemeji akakaa na kitambaa akibana kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama siku nzima. Kaka hakunilaumu. Alisema tu, "Acha, imetosha," akageukia ukutani na uso wake nusu umenyolewa, nusu haukunyolewa. Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Alasiri nikaenda sokoni kumtafuta kinyozi. Vibanda ni vingi, na karibu vyote ni vya mashine za umeme na muziki. Mwishowe nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye, pamoja na mashine yake, bado ana burashi, bakuli la bati na sabuni ya kunyolea ya mviringo. Nikamweleza yaliyonipata. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mzee, wewe ulimpaka mapovu. Hukumpaka povu."

Mimi niliyejidai mtu wa lugha nikanyamaza. Mapovu ni yale makubwa yenye hewa tupu, yanayopasuka ukiyatazama. Povu ni kitu kimoja kizito, laini, chenye kung'aa, ambacho macho hayaoni tundu ndani yake. Mapovu hukauka, povu hukaa.

Akanikalisha, akanifundisha. Kwanza, uso uloweshwe kwa kitambaa cha maji ya moto ya kiasi, kwa dakika mbili au tatu. Unywele mkavu wa ndevu ni mgumu. Ukinywa maji huvimba na kulegea, na wembe huupita bila kushindana nao. Wakati huohuo burashi inalala katika maji ya uvuguvugu, na juu ya sabuni kunamwagwa kijiko kimoja cha maji ili ilainike. Pili, burashi ikamuliwe hata isidondoshe, ndipo izungushwe juu ya sabuni kwa nusu dakika au zaidi, hadi ncha zake zibebe uji mzito unaonata. Hapo bado si povu. Tatu, na hii ndiyo siri yote, maji yaongezwe kwa matone. Unachovya ncha tu, unazungusha burashi bakulini. Unachovya tena, unazungusha tena. Mwenye haraka humwaga maji mara moja akapata mapovu. Bahili wa maji huishia na uji unaomganda mtu usoni na kuushika wembe.

"Ukiona linang'aa kama maziwa lala," akasema, "na ukiinua burashi linasimama kilele kisha linainama kidogo, basi. Hapo usitie tone jingine."

Nikamwuliza habari za krimu ya mrija. Akasema ni njia ileile, ila krimu imekwisha kuwa laini kiwandani, basi yatosha kiasi cha kunde mbili, na burashi iwe na unyevu zaidi kidogo. Lile povu la kopo, ambalo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949, yeye halipendi. Hutoka limekwisha kujazwa hewa, asema, na mtu hana nafasi ya kulitia maji yake.

Msomaji huenda akauliza kwa nini sabuni ya kuogea isifanye kazi hii. Jibu limo katika mafuta. Sabuni zote ni mafuta yaliyounganishwa na magadi makali, lakini mafuta hayafanani. Mafuta ya nazi hutoa mapovu mengi upesi, hata katika maji ya bahari, ila hayadumu. Shahamu ya ng'ombe huchelewa kutoa povu, lakini likitoka ni dogo, zito na lenye kukaa, kwa sababu shahamu ina wingi wa asidi iitwayo steariki. Sabuni nzuri za kunyolea huzidishiwa asidi hiyo, zikachanganywa na kidogo cha mafuta ya nazi, na mara nyingi hutiwa gliserini ya kushika unyevu. Basi ndani ya bakuli la kinyozi Pwani na bara zimekutana: nazi yaleta wepesi na ng'ombe aleta subira.

Lakini sabuni bora kuliko zote hushindwa na maji mabaya. Hapo nikamkumbuka baba. Visima vyetu vya Mombasa vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni huigeuza utando mweupe usio na kazi, kama maziwa yaliyokatika. Baba alikuwa na mtungi wa maji ya mvua uliokatazwa watoto, na Ijumaa nikitoka chuoni hunipa bakuli nimshikie, akachovya burashi yake ndani mara moja moja, polepole, mpaka nikachoka mikono. Mimi nikidhani ni ubahili wa maji. Miaka yote ile nimeshika bakuli la elimu nisijue nimeshika nini! Mvua haijapita katika mawe, haina chokaa, na kwa hiyo sabuni haina mpinzani. Na kwa kaka yangu pale Turbo, nje ya mlango, lipo tangi limejaa maji ya mvua kutoka juu ya mabati.

Kinyozi akaniongezea nasaha mbili. Wembe uwe mpya na burashi iwe ya mtu mwenyewe, isuuzwe na kutundikwa ikauke. Nasaha hiyo si ya kupuuzwa: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata, wako watu Uingereza na Marekani waliokufa kwa kimeta kilichotoka katika burashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa vyema. Wafugaji wa Uasin Gishu hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Ya pili, kwa sisi wenye nywele za kujipinda, wembe ufuate mlalo wa nywele wala usirudi kinyume, maana unywele uliokatwa chini mno hujipinda ukaingia ngozini, na hivyo ndivyo vipele vizaliwavyo.

Nilinunua burashi na sabuni, nikafanya mazoezi siku nne juu ya uso wangu mwenyewe. Siku ya kwanza uji, siku ya pili mapovu. Siku ya nne likang'aa.

Ijumaa asubuhi nikateka maji tangini, shemeji akayapasha moto. Nilimwekea kaka kitambaa usoni, nikakaa mbele yake na bakuli, nikaanza kuzungusha. Hakusema kitu. Nilichovya, nikazungusha, nikachovya tena, naye akiitazama burashi. Nilipompaka nikaliacha povu likae kidogo kabla ya kushika wembe. Wembe ukapita shavuni bila sauti. Nilipofika chini ya taya, penye kovu langu, mkono ulinitetemeka kuliko wake, lakini povu lilikuwa bado bichi, na wembe ukateleza.

Nikampa kioo. Akajipapasa kwa mkono wa kushoto, shavu hili na shavu hili, akakitazama kitambaa cheupe kilichokuwa begani mwake. Hakikuwa na tone la damu.

"Umetia maji kama baba," akasema. Kisha akamwita mkewe amletee kanzu na kofia.