Ufadhili wa mwanafunzi mwenye ulemavu chuoni: uanzie wapi?

Barua ya chuo ikifika nyumbani, familia nyingi hupiga hesabu ya karo kwanza. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, hiyo ni nusu ya hesabu tu. Bado kuna msaidizi wa kusukuma kiti cha magurudumu, betri za kifaa cha kusikia, karatasi za breli, na bodaboda ya kila siku kwa sababu matatu zinampita kituoni.

Tunashauri uanze na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwanza mwanafunzi anapimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, madaktari wanajaza ripoti, kisha ripoti inapitishwa kabla ya kadi kutolewa. Si kazi ya wiki moja, kwa hivyo anza akiwa bado sekondari.

Akishasajiliwa, anaweza kuomba msaada wa hazina inayosimamiwa na Baraza hilo. Hazina husaidia karo, na pia vifaa kama viti vya magurudumu na fimbo nyeupe. Wengi huomba karo wakasahau vifaa. Uliza yote mawili.

Upande wa serikali kuna HELB, bodi ya mikopo iliyoanzishwa 1995. Ulemavu ni mojawapo ya mambo yanayoangaliwa wakati wa kupima uhitaji wa mwanafunzi, basi usiruke swali hilo kwa aibu. Tunajua kuna wazazi wanaohofia mtoto “kuwekwa alama”. Kusema kweli, kuficha kunamnyima haki yake. Ila mkopo ni deni, na riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Basari za NG-CDF na za kaunti hazirudishwi, kwa hivyo ziombe pia. Na chuoni, ulizia ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Kenyatta University, kwa mfano, ina idara nzima ya kazi hiyo.

Sasa shida inapoanzia. Basari kwa kawaida huenda moja kwa moja kwa akaunti ya chuo. Kinachomfikia mwanafunzi mkononi ni pesa za matumizi za HELB na kile ambacho nyumbani wanachanga. Anaweza kuwa amemaliza karo yote na bado akakosa darasa kwa sababu hana nauli. Kama mjomba na shangazi wameahidi kusaidia, afadhali kila mmoja atume kidogo kwa tarehe maalum kila mwezi kuliko harambee moja kubwa inayoisha kabla ya mitihani.

Pesa hizo ziende kwa laini ya mwanafunzi mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Laini ikiwa kwa jina la mama au binamu, ombi la HELB linaweza kukwama, na matumizi yake yote yatapitia kwa mtu mwingine.

Hapa tunataka kuwa wazi kuhusu PIN. Wanafunzi wasioona mara nyingi humwomba rafiki awabonyezee. Rafiki akishaijua PIN, anaweza kutoa pesa hata wewe ukiwa darasani. Washa TalkBack kwenye simu ya Android, au VoiceOver kwenye iPhone, na uvae vichwa-sauti ili jirani asisikie unachobonyeza. Menyu ya kubonyeza nyota huweza kukatika kabla simu haijamaliza kuisoma. Mara nyingi programu yetu inakupa muda zaidi. Kama PIN yako tayari inajulikana na mtu, ibadilishe leo.

Wanafunzi viziwi nao hawalazimiki kutafuta mtu wa kupiga simu kwa niaba yao. Tuandikie ujumbe, tutakujibu kwa maandishi.

Na ukipokea ujumbe kwamba basari yako imepita, ila utume kwanza shilingi 500 “za kushughulikia faili” kwa nambari ya mtu binafsi, usitume. Nenda ukaulize katika ofisi uliyopeleka ombi, kisha uturipotie nambari hiyo.