Kompyuta haina chapuo: vijana wa studio, rekodini ngoma zetu



Juzi tulikuwa na harusi hapa Frere Town, si mbali na Kengeleni. Usiku wa chakacha ulipofika hakukuwa na wapigaji ngoma. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, ana studio ya chumba kimoja, na alikuwa ametengeneza wimbo mzima wa chakacha kwa kompyuta, akautuma kwa simu ili upigwe kwenye spika. Wasichana walicheza. Lakini sisi watu wazima tulifunga leso viunoni, tukazunguka mara mbili tatu, kisha mmoja mmoja tukarudi mkekani. Nyanya yake bi harusi, ambaye enzi zake hakuna aliyemweza kwa chakacha, hata hakuinuka. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu: "Ngoma haina mkono hiyo."

Maneno hayo yalimfikia mpwa wangu, yakamuuma. Kesho yake akaja kwangu. "Shangazi, ile ni dramu ya kweli, imerekodiwa na wataalamu Ulaya. Nyanya anasemaje haina mkono?" Nikamwambia anipeleke studioni anionyeshe. Nilikwenda siku tatu mfululizo, na niliyojifunza ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo. Nyimbo hizi tunazisikia kila siku kwenye matatu, harusini na hata kwenye kasida, na wengi wetu hatujui zinavyopikwa.

Dramu ya kompyuta ni nini?

Kwanza tuelewane. Kuna mashine za midundo zinazotunga sauti zenyewe kwa umeme, bila ngoma yoyote kupigwa. Roland TR-808 ya Wajapani, iliyotoka 1980, ni ya namna hiyo. Mwaka huohuo Mmarekani Roger Linn alitoa mashine yake, LM-1, iliyofuata njia nyingine: ngoma za kweli zilirekodiwa, na mashine ikawa inazicheza rekodi hizo. Dramu za kompyuta za leo ni watoto wa njia hii ya pili.

Mpigaji huketi studioni mbele ya dramu halisi na maikrofoni kadhaa. Hupiga ngoma ya mguu polepole, halafu kwa nguvu kiasi, halafu kwa nguvu zote. Hufanya vivyo hivyo kwa snea, kwa ngoma nyingine na kwa matuazi, moja baada ya nyingine. Kila pigo hukatwa na kuwekwa peke yake. Vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa sampuli. Seti kubwa huwa na maelfu ya vipande. Mpwa wangu anapobonyeza kitufe, kompyuta haitengenezi sauti. Inakwenda kabatini, inatoa kipande kinachofaa na kukicheza.

Amri ya kutoa kipande hupitia lugha ya MIDI, ambayo imekuwapo tangu 1983. Lugha hiyo haibebi sauti. Hubeba habari tu: ngoma gani ipigwe, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo hupewa namba, kutoka 1 hadi 127. Pigo la 20 litatoa sampuli ya mguso mdogo. Pigo la 120 litatoa ile iliyopigwa kwa nguvu.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki. Mkono upo ndani ya kompyuta, mkono wa mtu aliyepiga kweli. Na nyanya naye alikuwa na haki, kama mtakavyoona.

Mkono ulipotelea wapi

Nilimwomba mpwa wangu anifungulie wimbo wenyewe nione. Makosa yalikuwa matatu, na kila kijana mwenye studio anaweza kuyarekebisha leo hii bila gharama.

La kwanza, mapigo yote yalikuwa na nguvu moja, kwa sababu alichora kwa kipanya na kuacha namba aliyowekewa na programu. Hakuna mpigaji duniani anayepiga hivyo. Pigo moja huita, la pili huitikia kwa chini, la tatu huguswa tu. Dawa yake ni kupiga kwa vidole kwenye kibodi ndogo inayopima nguvu, au kuzibadilisha namba moja moja kwa sikio.

La pili, sampuli ileile ilirudiwa mara nane kwa sekunde mbili, ikalia kama bunduki ya rasharasha. Seti nzuri huwa na rekodi kadhaa za pigo lilelile, zikapokezana zamu. Seti yake ilikuwa na uwezo huo, ila alikuwa ameuzima ili kompyuta isielemewe.

La tatu ndilo lililotukalisha mkekani. Programu yake hufungua na visanduku 16 kwa kila kifungu, na mdundo wa nne nne. Chakacha haiendi nne nne. Chakacha huhesabiwa sita: mguu unasikia mbili, kiuno kinasikia tatu, na utamu wote umo katika kuvutana huko. Mpwa wangu aliusukuma mdundo wa sita ndani ya visanduku 16, kisha akaiambia programu inyooshe kila pigo likae sawasawa kwenye kisanduku chake. Mvutano ukafa. Tulipobadilisha visanduku vikawa 12 na kuacha baadhi ya mapigo yachelewe kidogo, niliona bega langu linatikisika lenyewe.

Nyongeza ndogo kwa wanaopiga kwa vidole: ukibonyeza na sauti ikachelewa kuja, tazama ukubwa wa bafa ya sauti. Kwa kiwango cha kawaida cha kurekodi, ambapo kompyuta hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 hukuchelewesha milisekunde 23 hivi. Ya 256 hukuchelewesha takriban 6. Mkono wa mpigaji ngoma unaihisi tofauti hiyo.

Viti 47, chetu hakimo

Makosa hayo tukayarekebisha, na wimbo ukawa bora sana. Lakini bado nilisikia pengo. Nikamuuliza: "Chapuo iko wapi? Vumi liko wapi?" Akanionyesha. Chapuo alikuwa ametumia bongo, na vumi alikuwa ametumia ngoma ya mguu ya dramu ya Kizungu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1991 kampuni za vyombo vya muziki zilikubaliana orodha moja ya sauti, ili wimbo uliotungwa kwa chombo kimoja usikike sawasawa kwa kingine. Kwa upande wa ngoma na vigongwa, orodha hiyo ina viti 47, kuanzia namba 35 hadi 81. Namba 36 ni ngoma ya mguu, 38 ni snea, 42 ni haihati iliyofungwa. Zimo bongo na konga za Kyuba. Zimo agogo na kuika wanazotumia Wabrazili. Chapuo haimo, vumi halimo, msondo haumo.

Sisemi kuna mtu alitufanyia hila. Waliokaa kitako kukubaliana waliandika ngoma walizozijua. Hali kadhalika kampuni kama Toontrack na XLN Audio za Uswidi, zinazouza seti za dramu zinazosifiwa sana, hurekodi wapigaji wanaowajua. Na waimbaji wetu wa kasida wanaotafuta dufu kwenye kompyuta hupata dufu zilizopigwa kwa mkono wa Kiarabu au Kituruki, kwa sababu huko kuna waliorekodi. Mambo ya halali na haramu ya ala nawaachia masheikh. Ninachosema ni kwamba tari tulilolipiga maulidini udogoni lina mlio wake, na mlio huo haumo katika kabati la kompyuta hadi mtu aliweke.

Frere Town haiogopi mchanganyiko

Wapo watakaosema dawa ni kuitupa kompyuta. Mimi simo. Mji huu wenyewe ni mchanganyiko. Ulianzishwa 1875 na wamishonari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani: Wayao, Wanyasa na wengineo, na wengine waliorudishwa kutoka Bombay. Kila mmoja alikuja na mdundo wake. Frere Town hiihii ndiyo ya Mzee Joseph Ngala na saksofoni yake, mwanzilishi wa bango, muziki uliochanganya mambo ya pwani na ya ng'ambo. Na chakacha yenyewe ilikwishapigwa kwa dramu na magitaa tangu miaka ya 1980, na bendi kama Mombasa Roots. Lakini aliyeketi kwenye dramu hizo alikuwa na mkono uliokulia kwenye ngoma za hapa.

Tena kijana wa studio ana hoja zake. Nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta. Nani atakuruhusu kupiga dramu saa nne usiku, na watoto wamelala? Na pesa anazolipwa kwa wimbo mmoja wa harusi hazitoshi kuwakodi wapigaji wanne kwa siku nzima. Kompyuta itabaki. Swali ni tutaweka nini ndani yake.

Siku tuliyorekodi

Jumamosi iliyofuata tulimwalika mzee mmoja wa Kisauni aliyepiga ngoma harusini maisha yake yote. Tulitundika magodoro ukutani na kutandika mazulia mawili sakafuni ili chumba kisirudishe mwangwi. Mzee aliomba moto kwanza. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa pwani, na isipooteshwa moto hutoa mlio wa sanduku. Kijana alikuwa hajui hilo.

Kazi yenyewe ni ya subira, si ya pesa. Maikrofoni moja inatosha, usiitegemee simu. Chapuo tulichukua mapigo matatu: la katikati, la ukingoni, na la kufunga kwa kiganja. Kila pigo kwa viwango vitano vya nguvu, na kila kiwango mara nne ili zipokezane zamu. Hizo ni rekodi 60. Baina ya pigo na pigo mzee alisubiri mlio uishe kabisa. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza chapuo na vumi. Mpwa wangu alikata vipande, akaondoa kimya cha mwanzoni, akaviita majina na kuvipanga katika programu.

Kwa wasio na uwezo wa kununua programu, Hydrogen na LMMS hupatikana bure kwa halali, na Hydrogen hukuruhusu kupanga sampuli zako mwenyewe kwa tabaka za nguvu. Programu ya kuiba haina baraka, na mara nyingi huja na virusi.

Mapigo ni ya nani?

Kabla hajapiga hata pigo moja, mzee aliuliza swali: "Haya mapigo yangu atakaa nayo nani?" Chumba kizima kilinyamaza.

Ni swali la haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, aliyeandaa kurekodiwa kwa sauti ndiye huhesabiwa kuwa mwenye rekodi, ingawa mpigaji naye ana haki zake za utendaji. Kwa mzee asiyejua hayo, ni rahisi mkono wake ukasikika kwenye nyimbo mia baada ya kulipwa nauli na chai. Na tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, inayotambua kwamba mambo kama haya ni mali ya jamii, na inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuyaweka kwenye daftari.

Tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili, tukaisoma kwa sauti, ikawekwa sahihi mbele ya mashahidi wawili: mzee atalipwa malipo ya siku hiyo, jina lake litatajwa kila zinapotumika, seti haitauzwa kwa mtu mwingine bila idhini yake au ya warithi wake, na ikiuzwa, atapata fungu lake. Qur'ani imetuamrisha kuandika tunapokopeshana. Sioni kwa nini tusiandike tunapochukuliana ujuzi wa maisha.

Wimbo ulitengenezwa upya. Nilimpelekea nyanya kwenye simu, bila kumwambia kilichobadilika. Alisikiliza kidogo, akauliza: "Huyu anayepiga si fulani wa Kisauni?" Alimtambua kwa mkono.

Basi, vijana wangu, kila mtaa una mzee au bibi wa namna hiyo, kuanzia Likoni hadi Changamwe, na umri hauwasubiri. Mwende na maikrofoni, karatasi na kalamu. Na msisahau makaa ya kuoteshea ngoma.

Wabillahi tawfiq.