Jicho la Mashine na Mkono wa Mwanetu



Mwaka jana niliombwa niandike juu ya shule za zamani. Safari hii nimeomba ruhusa niandike juu ya taka. Najua wako watakaokunja pua, lakini nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, kwani nina jambo la kuungama.

Mpwa wangu hufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja cha kuchambua taka hapa Uingereza. Chupa, makopo na makaratasi tunayotia katika pipa la vitu vya kutumika tena humfikia yeye na wenziwe yakiwa yamechanganyika. Siku moja jamaa za wafanyakazi walikaribishwa kutazama, nami nikaenda. Nilisomesha sayansi miaka mingi huko Unguja, na nilitaka kuona kwa macho yangu yale niliyokuwa nikiyachora ubaoni.

Kuchambua si kazi ngeni kwetu. Mama zetu walipeta mchele kwa ungo wakatoa chuya na mawe. Msimu wa karafuu, watoto kwa wakubwa tulikaa usiku tukichambua, karafuu huku, makonyo kule. Lakini kwetu jicho na mkono vilikuwa vya mtu mmoja. Hapa mashine imepewa jicho.

Taka hupita juu ya mkanda mrefu unaokwenda bila kusimama. Kwanza hupita chini ya sumaku kubwa, na makopo ya chuma hunaswa. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni makopo ya soda, ambayo ni ya aluminiamu na sumaku haiyavuti. Mwisho wa mkanda lipo gurudumu lenye sumaku nyingi, linalozunguka kwa kasi kubwa. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikitembezwa karibu na waya huzua umeme ndani yake. Vivyo hivyo gurudumu lile huzua umeme ndani ya kopo. Umeme huo hulifanya kopo liwe kama sumaku kwa kitambo kidogo, likasukumana na gurudumu na kuruka ng'ambo ya pili. Karatasi na plastiki huanguka tu chini. Nilisimama pale kama mtoto, nikitazama makopo yakiruka kama panzi.

Kisha tukafika penye nuru. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa falaki aliyeishi Slough, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote, ndicho kilichopanda zaidi. Akatambua kuwa iko nuru ambayo jicho la mwanadamu haliioni.

Mashine huzimulika taka kwa nuru ya namna hiyo. Kila aina ya plastiki humeza sehemu ya nuru na kurudisha nyingine, hata chupa ya maji ikatambulikana mbali na chupa ya maziwa. Kompyuta husoma, na chupa ifikapo ukingoni hupigwa kwa pumzi ya hewa ikarukia upande wake. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Mashine za ukoo huu huchagua pia mchele na kahawa, na kampuni ya Sortex, iliyoanzishwa London mwaka 1947, ina jina kubwa katika kazi hiyo.

Lakini wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Sahani nyeusi za plastiki zilizotiwa rangi kwa masizi huimeza nuru ile karibu yote, na mashine huona kama kwamba mkanda ni mtupu. Tena nuru husoma ngozi ya chupa, haisomi kilichomo ndani. Ndiyo sababu kandokando ya mkanda husimama watu waliovaa glavu, wakiondoa kwa mikono yale yaliyoipita mashine. Wengi niliowaona siku ile walikuwa wageni kama sisi.

Wakati wa chai nilimwuliza mpwa wangu kwa nini kidole chake kimefungwa.

"Sindano, Mjomba," akasema. "Ilikuwa ndani ya chupa. Chupa ilibanwa garini ikapasuka, nami nikaishika."

Alikuwa amekwisha pimwa damu, na ameambiwa arudi baada ya miezi. Mkewe alikuwa mja mzito. Mama yake, yaani dada yangu, hakuwa na habari.

Chai ilinishinda. Mimi nina kisukari na hujidunga insulini kila siku. Kwa miaka miwili nilikuwa nikizitia sindano zangu katika chupa tupu ya maji ya matunda, nikiifunga vizuri na kuitia katika pipa lile lile, nikijiona mtu nadhifu. Sisemi kwamba sindano ile ilikuwa yangu, maana kiwanda kile hupokea taka za miji kadhaa. Wala siwezi kusema haikuwa yangu.

Usiku nilimpigia simu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usitie tena, Mjomba." Vipimo vya mwisho vilitoka salama, Alhamdulillahi.

Ndugu zangu, wenye kisukari katika jamaa zetu ni wengi. Hapa Uingereza lipo pipa dogo la manjano la kutilia sindano. Mwulizeni daktari wenu. Betri nazo zisitiwe pamoja na makopo, kwani zikipondwa huwaka moto. Chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Nami nimejua uzeeni kuwa njia hiyo huanzia jikoni kwangu, na huishia pale anaposimama mwana wa dada yangu.

Wassalaam.