Mvua ya mawe: gari huumizwa na ukubwa wa jiwe, si wingi wa mawe

Kericho, kwenye nyanda za chai za Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mwaka mmoja ilihesabiwa kunyesha huko siku 132. Hata hivyo, kilio cha Kericho ni cha majani ya chai yaliyochanikachanika, si cha magari yaliyobonyea. Mjini Munich, Ujerumani, mvua ya mawe ya jioni moja tu, ya tarehe 12 Julai 1984, iliharibu takriban magari 200,000. Mawe ya Kericho kwa kawaida ni madogo. Ya Munich yalifikia kipenyo cha sentimita 9.5. Hapo ndipo ilipo hatari, na wenye magari wanaopima mvua ya mawe kwa kelele za bati au kwa weupe uliotanda uani wanapima kitu kisichohusika.

Chukua jiwe la sentimita 2 na jingine la sentimita 4. La pili lina kipenyo mara mbili, lakini uzito wake ni mara 8. Tena, jiwe zito hushindana na hewa vizuri zaidi, kwa hiyo hushuka kwa kasi iliyo kubwa takriban mara 1.4. Ukizidisha uzito kwa mraba wa kasi, nishati ya pigo huwa mara 16. Bati la bodi ya gari lina unene wa karibu milimita moja, mara nyingi chini ya hapo. Likigongwa kidogo hunepa na kurudi. Likigongwa kupita kiwango chake hubonyea na kubaki na shimo. Na kwa kuwa pigo hutoka juu, boneti, paa na buti, vilivyolala kuelekea mbinguni, huumia kuliko milango.

Atakayesema barafu haiwezi kushinda chuma anasahau kwamba jiwe hupasuka baada ya kugonga, na nukta hiyo fupi ya mgongano inatosha. Wengine hulaumu mabati membamba ya siku hizi. Wana hoja kiasi, maana bati jembamba hubonyea upesi, ingawa watengenezaji hulifidia kwa chuma kigumu zaidi. Lakini yaliyoharibika Munich yalikuwa ni magari ya zamani hayohayo tunayoyasifu.

Kwa usalama wa mwili, vioo ni muhimu kuliko bodi. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zilizogandishwa kwa plastiki katikati, kwa hiyo hupasuka bila kumwagika. Vya pembeni kwa kawaida ni vya tabaka moja na huvunjika vipandevipande. Gari linalokwenda huongeza kasi yake kwenye pigo la kioo cha mbele, hivyo dereva apunguze mwendo, atoke barabarani, atafute paa la kituo cha mafuta, na akilikosa abaki ndani, ageuzie vioo mgongo na kufunika kichwa kwa nguo. Kutoka nje kwenda kulitandikia gari blanketi ni kosa baya: fuvu halinyooshwi na fundi.

Bodi hunyooshwa. Ikiwa rangi haijapasuka, fundi hodari husukuma shimo polepole kutoka upande wa ndani kwa vyuma vyembamba, bila kupaka pati wala kupiga rangi upya. Rangi iliyopasuka ishughulikiwe mapema, kabla unyevu haujaleta kutu.