Lueshe: mlima wa niobiumu wenye kunyamaza

Kila mara bei ya coltan inapopanda, vijana wa Rutshuru wanaanza tena kuulizana: mbona Lueshe haichimbwi? Mlima uko pale kaskazini ya Goma, madini iko ndani, hata kiwanda kilijengwa. Ulizo ni la haki. Jibu lake linaanzia ndani ya jina la coltan lenyewe.

"Tan" ni tantali. "Col" ni colombium, jina la zamani la niobiumu. Hizo mbili mara nyingi zinakaa pamoja mu jiwe moja, ndiyo maana wataalamu walipa ya pili jina la Niobe, binti ya Tantalus katika hadithi za Wagiriki. Lakini ku comptoir, baba ndiye anayelipwa. Binti anapimwa, kisha anasahauliwa.

Lueshe ni nyumba ya yule binti. Mawe yake yalitoka katika moto wa chini ya ardhi, zamani sana kabla Nyiragongo haijakuwako, na yanaitwa karbonatiti. Yanafanana na chokaa. Mvua na joto viliyaozesha polepole, chokaa ikaenda na maji, udongo uliobaki ukajaa piroklori, yaani punje zenye niobiumu. Mwaka 1959 mjiolojia Safiannikoff alitangaza jiwe jingine la mlima ule ule, ambalo halikuwa na jina bado. Likaitwa lueshite. Jina la kijiji chetu linasomwa hivyo mu vyuo vya dunia nzima, na watoto wa pale wengi hawalijui jambo hilo.

Miaka ya 1980 ikaanzishwa SOMIKIVU. Wajerumani wa GfE, kutoka Nürnberg, walikuwa na sehemu kubwa. Zaïre ilikuwa na ndogo. Kazi ilisimama mwaka 1993, mwaka ule vita vya Masisi vilipowaka. Mwaka 1999 Kinshasa ikapa mlima kwa kampuni ya Krall, iliyoandikishwa Uganda. Hapo mambo inachekesha na kuumiza pamoja: wakati ule Goma na Rutshuru zilikuwa mikononi mwa RCD, na sahihi ya Kinshasa haikuwa na nguvu huku. Chini ya RCD, SOMIKIVU ikafungua tena kwa miaka michache. Mlima mmoja, makaratasi mawili, na kesi zisizokwisha. Kisha wakapita FDLR, CNDP, M23.

Tuseme vita vimeisha kesho. Mchimbaji wa mikono angepata nini pale? Coltan ya Rubaya unaiosha kwa maji, uzito wake unaibakiza chini, jioni unauza. Piroklori inataka kusagwa, kutenganishwa kwa dawa, kisha tanuru ya kutengeneza feroniobiumu. Bila umeme na mashine, mfuko wako ni udongo tu. Tena mnunuzi ni nani? Karibu sehemu tisa kwa kumi za niobiumu ya dunia zinatoka Brazil, hasa mgodi wa Araxá. Chuma cha mabomba ya mafuta na injini za ndege vinaitaka, lakini viwanda hivyo havimngojei négociant wa Kiwanja.

Kwa hiyo mtu akikuambia "twende Lueshe, kuko coltan", uliza kwanza asilimia ya tantali, na uone karatasi ya laboratware kwa macho yako. Uliza pia hati. Tangu Code Minier ya 2002, ni Cadastre Minier inayoandika nani ana haki gani juu ya mlima gani, na mchimbaji wa mikono anaruhusiwa tu ndani ya zone d'exploitation artisanale, akiwa na carte yake. Mahali penye hati ya kampuni, hata kama mashine zimelala miaka makumi, wewe ndiwe utaitwa mwizi. Na vumbi la piroklori usilivute: punje zake mara nyingi zina uraniumu na toriumu kidogo.