Simu ya kumwongoza mhudumu, si ya kumvizia

Ulizia nyumba ya mzazi aliyejifungua wiki iliyopita katika mtaa wowote wa uswahilini, utaambiwa: nyoosha mpaka kwenye mwembe, muulize fundi cherehani, ingia uchochoro wa pili, nyumba yenye geti la bluu. Kwa mwenyeji hayo yanatosha kabisa. Kwa mhudumu wa afya aliyeletwa jana kushika nafasi ya mwenzake, asubuhi inaweza kuisha kabla hajabisha hodi kwenye mlango wa tatu.

Wahudumu wa namna hii wanaongezeka. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Kenya, mwaka 2023, iliwakabidhi wahudumu wake wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na simu janja, na kila mmoja anatarajiwa kuhudumia kaya zipatazo 100. Simu zikishafika mkononi, halmashauri, mashirika na hospitali binafsi zinazotuma wauguzi majumbani huanza kutafuta programu ya ramani na ya kufuatilia njia. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba swali la kwanza kwa muuzaji huwa: je, msimamizi ataona watu wake walipo? Lingetakiwa kuwa: je, mhudumu atafika?

Tuanze na kufika. Wengi wanaamini GPS inakula bando. Ukweli ni kwamba simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti, na haihitaji intaneti kujua ilipo. Intaneti huisaidia kupata nukta ya kwanza haraka, na huhitajika pale ramani yenyewe inapokuwa haijapakuliwa. Kwa hiyo programu isiyokubali kupakua ramani ya wilaya nzima na kuitumia bila mtandao haifai kwa kazi hii, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani. Ramani za Google ukizipakua hukupa maelekezo ya gari, lakini ya kutembea kwa miguu hutaka mtandao. Organic Maps na OsmAnd, zinazotumia data huria ya OpenStreetMap, zinamwongoza hata mtembea kwa miguu bila mtandao. Kwa Dar es Salaam hilo lina uzito wa pekee, maana tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, vichochoro na mitaro yake ikiwemo.

Sasa mtazame mhudumu anapoisajili nyumba. Yuko barazani, chini ya bati, na kwenye kioo nukta ya bluu imekaa juu ya paa la jirani, imezungukwa na duara kubwa. Anatoka hadi katikati ya uwanja, anainua simu usawa wa kifua, anasubiri. Duara linanywea, nukta inateleza kuvuka ukuta, inatulia. Ndipo anabonyeza kuhifadhi. Hata hapo, simu ya kawaida chini ya anga wazi ina usahihi wa takriban mita 5, na Manzese au Tandale mita 5 ni nyumba ya mtu mwingine. Programu nzuri huonyesha ukubwa wa duara hilo, na huacha nafasi ya kuandika maelezo: namba ya anwani ya makazi iliyobandikwa mlangoni, rangi ya geti, jina la balozi wa eneo. Yule fundi cherehani bado anahitajika.

Kuna pia programu zinazopanga mpangilio wa ziara ili mhudumu atembee umbali mfupi. Zinasaidia, ila ziwe tayari kukataliwa. Mashine haijui kwamba mama huyu yuko sokoni mpaka saa nane, wala kwamba mvua ya usiku imeifunga barabara ya Jangwani. Mhudumu anajua. Asipoweza kusogeza ziara juu au chini kwa kidole bila kuomba ruhusa ya ofisi, chombo hicho kitamchelewesha.

Kufuatilia njia ni jambo jingine kabisa. Nawaelewa wasimamizi: wanalipa posho, wanataka kujua ziara zilizoandikwa zilifanyika kweli. Lakini kwa hilo nukta moja mlangoni, yenye saa ya kufika na ya kuondoka, inatosha. Mstari wa kutwa nzima unathibitisha tu kwamba simu ilipita mahali, na simu yaweza kupita mahali mfukoni mwa dereva wa bodaboda. Halafu mstari huo humdhulumu anayefanya kazi kwa moyo. Aliyekaa saa nzima na mama aliyefiwa na mtoto ataonekana kwenye skrini ya ofisi kama mtu aliyezubaa. Juu ya hayo, kurekodi mfululizo kunamaliza chaji, na simu ikizimika saa tisa alasiri hata namba ya gari la wagonjwa haipatikani.

Kuna wa tatu asiyeulizwa kabisa, naye ni mgonjwa. Mhudumu akifika kila asubuhi kwenye mlango uleule kusimamia umezaji wa dawa za kifua kikuu, mstari wake unautaja mlango huo, hata jina lisipoandikwa popote. Januari 2018 ramani ya mazoezi ya kampuni ya Strava, iliyochorwa bila majina, ilianika njia za askari ndani ya kambi za kijeshi. Kama kambi zilionekana, kwenye mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake haihitajiki hata ramani ya dunia. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo: Kenya ina ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na kutaka zikusanywe kwa lengo linalojulikana tu.

Wapo watakaosema ni usalama wa wahudumu, wengi wao wanawake wanaotembea peke yao. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake liwe mkononi mwa mhudumu mwenyewe. WhatsApp inamruhusu mtu kumwonyesha mwenzake alipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inajifunga. Mhudumu akiingia njia asiyoiamini, anaiwasha na kumtumia mwenzake. Akitoka, anaizima.

Kabla ya kusaini mkataba, wapeni wahudumu wachache programu hiyo waizungushe mitaani, wakiwemo wenye simu za bei nafuu. Kisha muuzaji ajibu kwa maandishi: nani anaona nukta hizo, zinahifadhiwa wapi, zinafutwa lini, na je, kurekodi kunakoma mhudumu anapomaliza kazi? Na mwajiri naye aandike ni nani atakayelipia bando na pawabenki, maana posho ya mhudumu ni ndogo mno kubeba gharama hizo.