Maabara ya Wengi Haitunzwi kwa Kufuli

Imekuwa desturi miongoni mwa wasomi wetu kuupima ukubwa wa chuo kikuu kwa wingi wa mitambo kiliyo nayo. Idara moja ikinunua chombo, jirani yake nayo hutaka chake. Na kila mwenye chombo hukifungia chumbani, akatembea na ufunguo mfukoni kana kwamba ni wa nyumba yake. Nakusudia kuupinga mtazamo huo, na ushahidi wangu nitautoa katika maabara isiyotajwa sana magazetini, nayo ni ile ya kuchunguza fuwele kwa miale ya eksirei. Historia yake yaonyesha kwamba mtambo mmoja ukitumiwa na wengi kwa utaratibu huzaa elimu tele. Yaonyesha pia kwamba ushirika usio na uadilifu humdhulumu mtu jasho lake.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu zinazofanana, mithili ya wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi. Chumvi ni fuwele, na sukari vilevile. Nafasi iliyo baina ya atomu na jirani yake ni kama sehemu moja au mbili za milioni 10 za milimita, na mwanga wa kawaida hauwezi kuonyesha kitu kidogo kiasi hicho. Miale ya eksirei yaweza, kwa kuwa urefu wa mawimbi yake unakaribiana na nafasi hizo. Mwaka 1912 mjini Munich, Ujerumani, Walter Friedrich na Paul Knipping, wakilifuata wazo la Max von Laue, waliipitisha miale hiyo katika fuwele, nayo ikaacha madoa yaliyopangika kwenye bamba la picha. Huko Uingereza, William Bragg na mwanawe Lawrence wakagundua namna ya kuyasoma madoa hayo ili kujua kila atomu imekaa wapi. Wakatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1915, mwana akiwa na umri wa miaka 25 tu.

Maabara ya namna hii ni ya wengi kwa maumbile yake. Mkemia aliyetoa dawa katika gome la mti, mwanajiolojia mwenye jiwe asilolitambua, mfamasia na mwanafizikia, wote swali lao huishia mahali pamoja: atomu zimepangikaje? Wala si rahisi kwa yeyote kati yao kuushughulisha mtambo huo mwaka mzima peke yake. Fuwele inayohitajika aghalabu ni ndogo kuliko punje ya sukari. Hubandikwa kwenye ncha nyembamba, ikapulizwa naitrojeni baridi mno, na kuzungushwa mbele ya miale huku mtambo ukirekodi madoa. Kwa mitambo ya siku hizi, fuwele njema yaweza kukamilika kwa saa chache. Kumfungia mtu mmoja chombo kama hicho ni sawa na kuchimba kisima cha kijiji kisha kukizungushia ua wa nyumba moja.

Tumtazame Dorothy Hodgkin, ambaye maisha yake yaligusa bara letu mara nyingi. Alizaliwa Cairo mwaka 1910, babake akawa afisa wa elimu nchini Sudan, na ni mjini Khartoum ambako mkemia wa udongo alimpa msichana huyo sanduku la kemikali na madini ya kujifunzia. Maabara yake katika Chuo Kikuu cha Oxford ilikuwa ndani ya jumba la makumbusho, katika chumba chenye dirisha moja lililokuwa juu sana, hata ikambidi kupanda ngazi na fuwele mkononi ili aitazame kwa darubini penye mwanga. Hata hivyo, katika unyonge huo wa vifaa, yeye na wenzake walibainisha umbo la penisilini mwaka 1945. Miongoni mwa wanafunzi waliopitia mikononi mwake alikuwamo Margaret Roberts, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza. Mwalimu na mwanafunzi hawakuafikiana kamwe katika siasa, lakini maabara iliwatosha wote wawili.

Mfano bora zaidi wa ushirika ni ule wa vitamini B12. Fuwele alizipata mwaka 1948 kutoka kwa Lester Smith wa kampuni ya Glaxo. Hesabu zilizohitajika zilikuwa nyingi kupita uwezo wa vifaa vya Oxford wakati huo. Kenneth Trueblood, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akajitolea kuzifanya kwa tarakilishi iliyokuwapo huko. Matokeo yalivuka bahari kwa barua na simu za maandishi, na kufikia mwaka 1956 umbo la vitamini hiyo lilikuwa limejulikana. Mwaka 1964 Hodgkin alituzwa Nobel, na habari hizo zilimkuta Ghana, ambako mumewe, Thomas, alikuwa akiongoza taasisi ya taaluma za Kiafrika. Hakuchoka hapo. Insulini, aliyoipiga picha kwa mara ya kwanza mwaka 1935, ilikubali kufichua umbo lake mwaka 1969, baada ya miaka 34. Hakuna mtu mmoja awezaye kuubeba mzigo wa miaka kama hiyo bila wenzake.

Lakini yapo pia ya kusikitisha. Katika King's College, London, Rosalind Franklin na mwanafunzi Raymond Gosling walipata picha maarufu ya DNA mwezi wa Mei 1952. Mnamo Januari 1953, Maurice Wilkins alimwonyesha James Watson picha hiyo pasipo Franklin kujua. Watson na Francis Crick wakaitumia, pamoja na vipimo vingine vya Franklin, kuunda umbo la DNA lililowaletea sifa. Makala ya Franklin yalichapishwa katika toleo lile lile la jarida la Nature, Aprili 1953, lakini yakaonekana kama ya kuunga mkono tu. Alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na tuzo ya 1962 ikawaendea Watson, Crick na Wilkins.

Wapo watakaosema, "Umeona? Heri kila mtu ajifungie na chake." Nasema la. Kilichokosekana pale si kufuli bali ni adabu ya ushirika. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na maabara ya wengi yahitaji madaftari matatu. La kwanza ni la zamu, ili fuwele ya mwanafunzi wa uzamili isingoje miezi mitatu kwa sababu ya profesa wake jirani. La pili ni la matengenezo, na mwenye kulishika awe fundi aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa ipasavyo. Kwani mtambo usio na fundi hugeuka pambo siku ileile bomba lake la eksirei linapoungua. La tatu ni la majina: nani aliikuza fuwele, nani alipima, nani alipiga hesabu. Makala yakichapishwa, kila jina lipate haki yake, hata likiwa la mwanafunzi au la fundi.

Jambo hili latuhusu sana. Kwa miaka mingi watafiti wengi wa Afrika wamelazimika kutuma fuwele zao ng'ambo, wakangoja majibu kwa hisani ya wenyeji wa huko. Kuna dalili za mabadiliko. Nchini Benin, maabara iitwayo X-TechLab ilianza mwaka 2019 kuwafunza watafiti kutoka nchi mbalimbali za bara hili, na mnamo Januari 2023 mkutano wa tatu wa Afrika wa wataalamu wa fuwele ulifanyika hapa Nairobi. Lau vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vingekubali kuchangia mtambo mmoja, fundi wake na vipuri vyake, badala ya kila kimoja kuota wa kwake, safari ya fuwele ingekuwa ya basi, si ya ndege.

Walimu wa sekondari wasidhani kwamba haya ni ya maprofesa pekee. Salfeti ya shaba ikiyeyushwa katika maji moto na kuachwa ipoe taratibu hutoa fuwele za buluu zinazovutia, na somo la mpangilio wa atomu laweza kuanzia hapo. Mwanafunzi mwenye intaneti aweza pia kuingia bila malipo katika hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini, iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu na ambayo sasa ina zaidi ya 200,000. Kila umbo lililomo liliwekwa na mtafiti aliyekubali wengine walitumie, na jina lake limeandikwa kando yake. Vyuo vyetu na viige mambo hayo mawili kwa pamoja: mlango ulio wazi, na jina la aliyetoa jasho.